Mwana wa Tapkigen

Al Wakrah, Doha
Jumapili jioni

Ndugu yangu Nahashon,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, yeye anayetuona sote kwa jicho moja, mimi huku mchangani na wewe huko kwenye matope ya Moiben. Mwili unasemaje? Mgongo je? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilikufaa, au mmewapaka ndama? Wifi yangu Jennifer hajambo, na watoto wanakwenda shule bila kufukuzwa? Zaidi ya yote nauliza hali ya Baba. Nasikia miguu imevimba tena na kulala ni kwa kuegemea mito. Namwombea asubuhi na jioni, na kati ya hapo pia, nikiwa kwenye pasi.

Mimi ni mzima wa mwili. Joto limeanza, hata bomba la maji baridi linatoa maji ya kunyonyolea kuku. Lakini hilo tumelizoea.

Utashangaa kupata bahasha na simu ipo. Sababu ni wewe mwenyewe, kaka, usikasirike. Kila nikituma sauti kwa WhatsApp unaifungulia spika sebuleni kama taarifa ya habari, na Baba yuko pale pale kando ya redio, masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Haya si maneno ya spika. Barua hii anakuletea Velma, yule nesi wa Muaither ambaye tunasali pamoja, anakuja nyumbani likizo. Nimemwambia akupe mkononi, si kwa mtoto wala kwa mtu wa pikipiki. Isome peke yako kwanza. Jennifer atasoma baadaye, ukishaamua.

Uliniuliza swali moja mara nyingi mpaka nikaanza kuogopa simu yako: wamemwandika Baba, au hawajamwandika? Nitakujibu. Lakini niache nianze mwanzo, kwa sababu nikikujibu kwa neno moja utanihukumu vibaya.

Madam Annelie unamjua kwa picha. Ni kaburu wa Afrika Kusini, na mumewe Nick ni injinia wa mitambo ya kupooza majumba ya huku. Si watu wabaya. Nimelea watoto wao wawili tangu mdogo akiwa hajaota jino. Lakini watu wa Madam wana jambo moja wanalolipenda kupita kanisa, nalo ni kutafuta ukoo. Wamerudi nyuma, nyuma, mpaka kwa Mholanzi mmoja fundi wa mapipa aliyeshuka merikebuni kule Rasi ya Tumaini Jema wakati ambao hata Mombasa ilikuwa ya Wareno. Mti wao wa ukoo umebandikwa ukuta mzima wa chumba cha kulia, kuanzia dirishani hadi mlango wa jikoni, na mimi ndiye ninayeupangusa vumbi. Kila Ijumaa mchana wanakutana kwa vidio, wa Afrika Kusini, wa Australia, wa Uholanzi, wanabishana juu ya marehemu. Velma aliwaona siku moja akasema, hawa wanahesabu mababu kama sisi tunavyohesabu ng'ombe, ila ng'ombe anakupa maziwa.

Mwaka jana Madam alileta picha mpya, ya zamani sana, ili itiwe kwenye kitabu wanachochapa cha ukoo wao. Nyumba ya mawe, farasi, mzungu wa ndevu amekunja mikono. Nikaichukua kuipangusa, na nyuma ya yule mzungu nikaona jiwe la Sergoit. Kaka, mtu anaweza kusahau sura ya mtu, lakini Sergoit hatasahau. Nikajikuta nasema kwa sauti, kitambaa mkononi, "Hapa ni kwetu." Kumbe Madam yuko nyuma yangu. Akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia, shamba hili nalijua, ndipo baba yangu alipopata kipande baada ya Uhuru, hata mwenyewe wa zamani namjua, aliitwa Gerrit. Madam akakaa chini kwenye ngazi kama aliyesukumwa. Akasema, "Jebet, huyo ni babu wa mama yangu."

Basi nikamweleza yote kama Baba alivyotueleza sisi tukiwa wadogo, nawe unayajua, ila nayarudia kwa sababu nitahitaji uyakumbuke hivyo hivyo. Kwamba Kogo Rael, bibi yetu, alikuwa msichana wa jikoni kwa Gerrit akamzalia Baba. Kwamba Baba alipokuwa mdogo alikaa ndani ya nyumba kubwa, akala mezani na wazungu, akavaa viatu wakati watoto wengine hawajui kiatu kinafungwaje. Kwamba Gerrit alimpenda na angemsomesha. Halafu akatokea Tapkigen, mjane asiye na mtoto, akatoa ng'ombe kwa baba yake Rael na kumwoa Rael kwa ile desturi yetu ya mwanamke kuoa mwanamke, ili apate mtoto wa nyumba yake. Akambeba Baba kutoka kwenye viatu na meza akampeleka kwenye moshi. Hivyo ndivyo Baba alivyosema siku zote: aliniiba.

Unakumbuka alivyoishi naye. Mimi nilikuwa mdogo lakini naona kama jana. Tapkigen alikuwa amekwisha pinda, anakaa kile kibanda cha nyuma karibu na zizi, na Mama ndiye aliyetutuma na maziwa kwa siri. Baba hakumwita baba, ingawa desturi inataka hivyo, wala hakumwita mama. Akimtaja alisema "yule". Nasikia rika lake lilimtesa sana ujanani. Wakienda kuoga mtoni walimuuliza, "Baba yako yuko wapi leo?" na mwingine anajibu, "Ameenda kuteka maji," na wanacheka mpaka wanaanguka. Nadhani kicheko kile hakikutoka mwilini mwake. Tapkigen alipokufa Baba alikwenda mnadani siku hiyo hiyo akauza beberu. Majirani ndio waliochimba, na wewe uliwashikia jembe.

Madam aliposikia habari za Baba machozi yalimtoka, sikufichi. Akasema kuna njia ya kuhakikisha. Akaniletea kichupa niteme mate. Nilisita. Kwetu mate ni baraka, mzee anakutemea kifuani ukianza safari, hawa wanayapima. Lakini nilimfikiria Baba, nikatema. Krismasi wakayapeleka kwao Afrika Kusini, na majibu yakarudi mwezi wa pili. Velma alinisomea kile Kiingereza cha hospitali akisimamisha kila neno. Ni kweli. Sisi ni damu ya Gerrit. Yule bibi kizee wa familia yao anayeitwa Hettie, ambaye ni bibi yake Madam, ni binti wa Gerrit. Kwa hiyo, kaka, Hettie na Baba ni ndugu wa baba mmoja. Na mimi, kwa hesabu ya kwetu, ni shangazi yake Madam.

Nilipopiga simu nyumbani usiku ule unakumbuka Baba alivyocheka. Ulisema hujamsikia akicheka hivyo tangu Mama atutoke. Alisema, "Sasa waje waseme baba yangu ameenda kuteka maji." Kisha akataka jambo moja tu, aandikwe kwenye kitabu chao, na siku yake ikifika msalaba wake uandikwe mwana wa Gerrit, na azikwe kule chini kwenye ua wa zamani wa kaburu, si juu kwa Tapkigen. Nilifurahi, Nahashon. Nilimshukuru Mungu kwa magoti. Nilidhani nimetumwa Doha kwa ajili hiyo, kama Yusufu alivyotangulizwa Misri.

Sasa nikueleze undugu huo ulivyokuwa. Madam alinikumbatia mbele ya mumewe akasema kuanzia leo mimi si mfanyakazi, ni familia. Nikaanza kula mezani nao. Lakini chumvi ikikosekana anayeinuka ni nani? Ni mimi, na sasa nainuka na chakula changu mdomoni. Awali Ijumaa ilikuwa siku yangu. Asubuhi nilikuwa napanda basi hadi Abu Hamour, kwenye uwanja ule wa makanisa, nasali na wenzangu, tunakula ugali kwa Velma, narudi jioni. Tangu niwe familia Ijumaa imekwisha. Ndugu wa vidio wanataka kuniona, basi nivae vizuri, nikae kando ya Madam, na nikishaonekana nipike, kwa sababu siku ya familia ina wageni. Nilipomwomba nirudishiwe siku yangu alinishangaa, kweli kabisa, bila ubaya. Akasema, "Lakini Jebet, familia haichukui likizo kutoka kwa familia." Velma akasema dada, afadhali ungebaki kijakazi, kijakazi ana mkataba. Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo.

Hayo yote nilivumilia kwa ajili ya Baba. Nakuambia si kwa kulalamika, bali ujue sikuwa na haraka ya kugombana na mtu.

Ijumaa moja baada ya Pasaka wakamleta Hettie mwenyewe kwenye vidio. Alikuwa bado hajanisalimu, kila mara tunaambiwa amelala. Amepita themanini kitambo, amewekwa kitini na blanketi, nywele kama pamba. Kaka, ana paji la Baba. Na akifikiri anavuta ncha ya sikio, vile vile, kwa vidole viwili. Nilitaka kulia kabla hajasema kitu.

Na aliposema, alisema Kiswahili. Wenyewe walishangaa, hawakujua kama bado anacho. Kile Kiswahili cha shambani, cha amri tupu. "Wewe! Mtoto ya nani? Toka wapi?" Nikamjibu kwa adabu, Shikamoo shangazi, mimi ni binti wa yule mtoto wa Rael. Akapiga makofi. "Rael ya jikoni! Rael ya mkate!" Akafurahi kabisa, akaanza kutaja mbwa, na mtaro, na mti wa mlangoni, mambo ya utoto. Nikapata ujasiri. Nikamuuliza, na Baba, unamkumbuka Baba akila nanyi mezani? Akacheka mpaka akakohoa. "Mezani? Hapana mezani. Chini ya meza, na mbwa. Sisi natupa nyama, yeye na mbwa nakimbia."

Madam akaniuliza amesema nini, nikamwambia anakumbuka mbwa.

Kisha Hettie akageukia lugha yao. Akasema ana kisa, na wote wakaanza kutabasamu kabla hajaanza, kumbe ni kisa cha nyumbani kwao, wanakijua tangu wadogo. Madam alikuwa ananitafsiria sikioni huku bega lake linatikisika kwa kicheko. Nakuandikia kama nilivyopewa.

Mama yake Hettie, yaani mke wa Gerrit, alikuwa hataki kuona. Lakini mtoto alipoanza kukua na lile paji, hata kipofu angeona. Akamwambia Gerrit, huyu aondoke au mimi niondoke. Wakati ule kulikuwa na nyumba ya mbali, ng'ambo ya Nairobi, walikopelekwa watoto wa namna hiyo, machotara, huko wanapewa jina lingine na mama hajui tena walipo. Gerrit akakubali. Hakubishana, Hettie alisema baba yake hakupenda kelele. Lori likaitwa. Rael akaambiwa amfungie mtoto nguo zake.

Habari ikafika kwa maskwota. Tapkigen alikuwa akiishi ukingoni mwa shamba na ng'ombe wake, ndio mali yake yote na heshima yake yote, mwanamke asiye na mtoto ana nini kingine? Akawatoa. Wote, kaka, wakaenda kwa baba yake Rael kwa siku moja, bila mazungumzo marefu, bila kungojea bia iive. Yeye na Rael wakafungana nyasi mikononi kama maharusi, wakapakwa siagi. Na asubuhi lori lilipokuja, walimkuta mwanamke amesimama langoni. Amevaa koti la marehemu mumewe linalofika chini ya magoti, ameshika fimbo ya kiume. Gerrit akamuuliza anataka nini. Akasema, nimekuja kumchukua mwanangu. Mwana yupi? Yule mdogo. Mama yake ni mke wangu, na mimi ndiye baba yake.

Gerrit alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Akamwita mkewe aje asikie. Akamwambia rudia, naye akarudia bila kushusha macho: mimi ndiye baba yake. Dereva wa lori alicheka. Majirani makaburu waliitwa wikendi wakasimuliwa, wakacheka. Na ndani ya kile kicheko Gerrit akasema, haya baba, chukua mtoto wako, ila jua lisiwachwee shambani kwangu. Mke wa Gerrit akataka jambo moja tu, viatu virudishwe, kwa maana vilikuwa vya mwanawe aliyekufa. Tapkigen akapiga goti akavifungua akavikabidhi. Hettie alikuwa dirishani. Alisema walimwona yule mwanamke akishuka barabarani na mtoto mgongoni na Rael nyuma yake, hana hata mbuzi wa kuswaga.

Na hadi leo katika ukoo wao mtu akidai jambo la kipuuzi, mtoto akisema yeye ndiye amelima bustani yote, wanamwambia, "Na mimi ndiye baba yake!" Wote kwenye vidio wakasema kwa pamoja, wa Australia, wa Uholanzi, wote, wakacheka. Hata mtoto mdogo wa Madam ninayemfungia viatu kila asubuhi alisema.

Nilikwenda jikoni. Nilifungua friji nikasimama mbele yake, sijui nilikuwa natafuta nini. Nick akaja kuchukua barafu, akaniuliza kama niko sawa, nikasema ndiyo bosi, joto. Kisha nikarudi, nikainama kwenye ile kompyuta, nikamwambia Hettie kwa Kiswahili, ili asikie yeye tu, "Shangazi, yule mtoto yuko hai. Ni ndugu yako. Anaumwa sana, na anakutaja." Akavuta sikio. Akasema, "Mimi hapana iko na ndugu Kenya. Lakini wewe peleka salamu."

Hizo ndizo salamu. Nimezifikisha.

Usiku sikulala, nilimwaza Tapkigen. Kwa nini hakusema? Miaka yote ile kwenye kibanda cha nyuma, Baba akimpita kama gogo, neno moja lingetosha: nilikuokoa kwenye lori. Rael alikufa mapema, sawa, lakini yeye alikuwa na kinywa. Halafu nikaelewa, na kama umeelewa upesi kuliko mimi usinicheke. Kwetu mwanamke aliyeoa amehesabiwa mwanamume, na mwanamume haulizwi mtoto ametoka wapi. Kusema nilikutoa kwa Gerrit ni kusema Gerrit alikuwa nani kwako. Siku ambayo angejitetea ndiyo siku ambayo angeacha kuwa baba yake. Kwa hiyo alikaa kimya akatukanwa mpaka akafa. Na Baba, ambaye alitafuta baba maisha yake yote, alimpita kila jioni akienda kufunga zizi.

Asubuhi Madam alikuwa na furaha. Wamekubaliana kisa kile kiingie kitabuni, sura nzima, na picha ya Baba ile uliyotuma amevaa kofia. Akanionyesha walivyoandika. Gerrit, na watoto wake, na chini kabisa kwa herufi ndogo, mtoto wa nje, mama Mwafrika asiyejulikana jina. Nikamwambia, Madam, jina nilikupa, ni Rael. Hata bibi yako alilitaja. Akasema wataangalia. Nikamwomba jambo moja. Wamwandike Baba, nimeshukuru, lakini kisa cha Tapkigen wakiache. Wasimcheke kitabuni mtu ambaye hana wa kumsemea. Akasema si kumcheka, ni kumheshimu, ni kisa kitamu kuliko vyote walivyo navyo. Akawauliza wenzake hata hivyo, sitaki kumsingizia. Jibu likarudi kwamba haiwezekani. Jina na kisa ni kitu kimoja. Bila kisa, jina la mzee huyu halina sababu ya kuwa pale, maana yeye si mtoto wa ndoa, yumo tu kwa sababu ya kichekesho.

Nahashon, nilisema basi mtoeni.

Nilisema mimi, bila kukuuliza wewe, bila kumuuliza mwenyewe. Madam akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia toeni jina na toeni picha na mate yangu nirudishieni kama yapo. Aliumia. Alisema amenipa mahali mezani pake nami nimemtupia sahani. Sasa sili mezani tena, nimeshukuru, na Ijumaa yangu imerudi. Mkataba ukiisha hatauendeleza, ameniambia kwa upole. Velma ananiulizia kwa watu wanaotafuta wa kutunza mgonjwa. Kwa hilo usihangaike, Mungu hajawahi kuninyima mlango.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana. Hawakumwandika. Aliyemfuta ni mimi.

Na lipo baya kuliko hilo. Alhamisi iliyopita nilipopiga, Baba alimnyang'anya Jennifer simu. Unajua hawezi simu, anaishika kama mhindi wa kuchoma. Pumzi ilikuwa fupi. Akaniuliza, "Jebet, wameniandika?" Nikamwambia ndiyo Baba, wamekuandika. Akauliza, "Nimekaa karibu na nani?" Nikamwambia karibu na Hettie, dada yako, na amekusalimu. Nikasikia analia. Akasema sasa anaweza kwenda.

Mimi ninayefundisha wanawake kanisani amri kumi nimemdanganya mzazi wangu aliye kitandani, na nimemfurahisha. Nimeungama kwa Mungu na sijapata amani, kwa sababu nikiungama nasikia ile furaha yake na sina hakika kama nataka kuirudisha.

Sasa nisikilize, kaka. Mimi niko mbali na siwezi kumwambia jambo hili kwenye spika. Njia ni mbili na zote zinauma. Ukinyamaza, Baba ataondoka akijua ni mwana wa Gerrit, mtu aliyemwitia lori, na utamzika kule chini uani kwa uongo wangu. Ukimwambia, utamwambia kwamba baba yake alikuwa pale nyuma ya nyumba, na kwamba siku alipozikwa yeye alikuwa mnadani anauza beberu. Sijui kama kifua chake kitabeba. Ni mkaidi, anaweza kukufukuza. Anaweza pia kukuomba umpeleke pale juu kwa miguu hiyo iliyovimba. Mimi nimekwisha amua jambo moja peke yangu na nimeona matunda yake, la pili siliwezi. Wewe ndiye mwana mkubwa, wewe ndiye utakayechimba kaburi, na mahali alipolala Tapkigen unapajua, hata kama hakuna jiwe.

Lolote utakaloamua, usimwambie ni mimi niliyeudhika. Mwambie ni mimi niliyemdanganya, hilo ni kweli.

Nisalimie wifi Jennifer, mwambie kitenge chake kiko ndani ya mfuko wa Velma pamoja na viatu vya shule vya watoto. Nisalimie wamama wa kanisa na mchungaji, na yule jirani wetu wa ng'ombe mwekundu. Baba mguse mkono kwa niaba yangu, usiseme neno, mguse tu.

Velma atakaa nyumbani hadi mwisho wa mwezi, na anaporudi atapitia kwako kuchukua jibu. Kama Baba atazidiwa kabla ya hapo usimngojee Velma, niandikie kwa simu, maandishi, si sauti. Tafadhali kaka, nijibu haraka.

Ni mimi dada yako,
Jebet